Melaka: Hekalu Kwanza, Soko Baadaye

Kosa la kwanza la mgeni wa Melaka, mji wa kale wa bandari nchini Malaysia, hufanyika Kuala Lumpur, kabla hajapanda basi. Anajiambia mji uko mwendo wa saa mbili tu, kwa hiyo ataamka kwa raha, anywe chai, aondoke saa nne na kurudi jioni. Anafika saa saba mchana, siku ya Jumamosi. Jua li utosini, mtaa wa Jonker hauna pa kutia mguu, na hekaluni moshi wa udi umejaa hadi machozi yanamtoka. Anapiga picha mbili za baiskeli za abiria zilizovishwa midoli, anakunywa cendol, kile kinywaji cha barafu na tui la nazi, anarudi kuwasimulia watu kwamba Melaka ni mji wa kawaida.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo mambo yanapoharibika. Melaka iko karibu nyuzi 2 kaskazini mwa ikweta, na joto lake ni lile la Mombasa mwezi wa tatu: jasho halikauki, shati limeganda mgongoni. Saa ya ukutani, hata hivyo, imesogezwa. Mwaka 1982 Malaysia ya rasi ilipeleka saa zake mbele ili zilingane na za Sabah na Sarawak kule Borneo, na sasa iko saa 5 mbele ya Nairobi na Dar es Salaam. Tangu hapo jua la Melaka huchomoza karibu saa moja na robo asubuhi, huzama karibu saa moja na robo jioni, na hukaa utosini saa saba na ushei badala ya saa sita. Kwa anayetembea kwa miguu hiyo ni faida: jua kali huanza saa tano na kuachia saa kumi na moja, na kabla ya hapo una asubuhi ndefu kuliko uliyoizoea. Hekalu la Kichina la Cheng Hoon Teng, ambalo ndilo shabaha ya safari hii, hufungua mlango kama saa moja asubuhi. Uwe umefika saa moja na nusu.

Hilo haliwezekani kama hukulala Melaka. Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni kulala humo siku mbili, tena ndani ya mitaa ya zamani, upande wa mto uliko Jonker, si kwenye mahoteli marefu ya barabara kuu. Ratiba inayofaa kuliko zote ni hii: fika Alhamisi jioni, tumia Ijumaa asubuhi kwa hekalu na mitaa, Ijumaa usiku ukaone soko, Jumamosi asubuhi uondoke huku mabasi ya watalii yakiingia. Bei za vyumba hupanda Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo hata mfuko utakushukuru kidogo. Katikati ya wiki ni kimya zaidi, lakini maduka mengi ya Jonker hufungwa siku hizo, na baadhi ya makumbusho hupumzika Jumatatu.

Njia ya kufika ni rahisi ukijua majina. Mabasi ya Kuala Lumpur huanzia kituo cha Terminal Bersepadu Selatan, ambacho kila mtu hukiita TBS. Umbali ni kilomita 144 hivi. Tiketi hukatwa kwa pasipoti, na saa iliyoandikwa ni ya mtindo wa saa 24, bila huruma kwa saa za Kiswahili: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 20:00 ni saa mbili usiku, na wapo wanaokuja usiku na tiketi ya asubuhi. Fika nusu saa kabla, kwa sababu kituo kina milango kama ya uwanja wa ndege na hushuki kwenye jukwaa mpaka tiketi yako isomwe. Ukitua KLIA, uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, usiingie mjini kabisa; yapo mabasi yanayokwenda Melaka moja kwa moja kutoka uwanjani. Treni haifiki mjini. Kituo cha karibu ni Pulau Sebang, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya mji, na anayekata tiketi hiyo akidhani amepata njia ya mkato huishia kulipa teksi zaidi ya nauli yote ya basi.

Basi litakushusha Melaka Sentral, na hapo wageni hushangaa kwamba hakuna cha kale hata kimoja mbele ya macho. Mji mkongwe uko kilomita 4 hadi 5 mbele. Basi la mjini namba 17 hupita kwenye uwanja wa majengo mekundu. Omba kushushwa Bangunan Merah. Mkiwa wawili au zaidi, au mna mabegi, gari la kuagiza kwa Grab halizidi sana gharama na huwafikisha mlangoni. Weka hiyo programu kwenye simu na kuijaribu kabla ya kuondoka uwanja wa ndege, ukiwa bado na intaneti ya bure.

Karatasi ni chache, ila zote zina meno. Tangu Januari 2024 wageni wengi hujaza kadi ya kuingilia ya kidijitali, iitwayo MDAC, ndani ya siku 3 kabla ya kuwasili. Haina malipo, tovuti inayokutoza pesa kwa kadi hiyo si ya serikali. Kadi ya njano ndiyo inayowaumiza watu wa kwetu. Malaysia hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo, na pia kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa ndege wa nchi hizo akisubiri ndege. Kwa hiyo hata anayeishi Ulaya aliyepitia nyumbani kusalimia wazazi anapaswa kuwa nayo mkononi. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla, na cheti ni cha maisha. Kuhusu viza, soma sharti la pasipoti yako kwenye tovuti ya uhamiaji ya Malaysia yenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp. Soketi za umeme ni zile zile za matundu matatu bapa tulizo nazo, na magari huendeshwa kushoto.

Bado kuna mwezi wa angani. Wachina huhesabu miezi kwa mwandamo kama Waislamu, ila wao mwezi wao huanza siku yenyewe ya mwezi kufa na kuzaliwa upya, bila kungoja kuonekana. Tofauti na hesabu ya Hijria huwa siku moja au mbili. Siku ya 1 na ya 15 ya mwezi wao ndizo siku za watu kwenda hekaluni na udi na matunda. Huhitaji kalenda yao: ukiona mbalamwezi imekaribia kujaa, ujue hekalu kesho litakuwa na watu tangu alfajiri. Zaidi ya hapo, mwenye hekalu hili ni Guanyin, mwenye huruma, na siku zake kuu huangukia tarehe 19 ya mwezi wao wa 2, wa 6 na wa 9. Ukitaka kuona ibada ikiwa hai, zilenge siku hizo na ukubali moshi. Ukitaka kuona jengo, zikwepe. Huwezi kupata vyote viwili asubuhi moja, na mwenye pumu asijaribu.

Kutoka mlango hadi mlango

Anza kona ya Jalan Tukang Emas, mtaa wa masonara, ukielekea kaskazini. Ndani ya dakika tano utapita mbele ya hekalu la Kihindu la Sri Poyyatha Vinayagar Moorthy la mwaka 1781, kisha Msikiti wa Kampung Kling wa mwaka 1748, ambao paa lake ni piramidi ya ngazi tatu na mnara wake ungeweza kudhaniwa ni wa hekalu la Kichina. Baada ya hapo barabara hubadili jina kuwa Jalan Tokong. Tokong kwa Kimalei ni hekalu.

Cheng Hoon Teng ndilo hekalu la Kichina kongwe kuliko yote yanayotumika Malaysia. Asili yake huwekwa mwaka 1645, miaka minne tu baada ya Waholanzi kuwanyang'anya Wareno mji mwaka 1641, na jengo likapata umbo kubwa mwaka 1673 chini ya Li Wei King. Hao waliolijenga waliitwa Kapitan: wakuu wa Wachina waliotambuliwa na Wazungu kusimamia watu wao. Jambo la kuliweka akilini unapoingia ni kwamba hapa hapakuwa pa kusali peke yake. Kapitan aliamulia kesi hapa, wageni wapya walipokelewa hapa, na shughuli za jamii zilipangwa hapa. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria msikiti wa Ijumaa, baraza la mzee wa mtaa na ofisi ya liwali vikiwa chini ya paa moja.

Na swali ambalo kila mtu huuliza: je, ni la Kibuddha? Ni la mafundisho matatu pamoja, ya Buddha, ya Konfusio na ya Dao, na ndiyo kawaida ya Wachina wa kusini. Katikati yuko Guanyin, ambaye kwa Wabuddha ni bodhisatva, yaani aliyeahirisha ukombozi wake ili awasaidie wengine. Pembeni yuko Mazu, mlinzi wa mabaharia, na haishangazi kumkuta katika mji wa bandari. Anayetaka hekalu la Kibuddha pasipo mchanganyiko avuke barabara tu: Xiang Lin Si, la mwaka 1985, liko ng'ambo, ni tulivu na lina ghorofa unayoweza kupanda. Wengi hulipita bila kuligundua.

Mlango una adabu zake. Ukilitazama hekalu kwa mbele, ingia kwa mlango wa kulia na utoke kwa wa kushoto. Wa katikati ni wa miungu. Kulia ni upande wa joka, kushoto ni wa chui milia. Ukikosea hakuna atakayekufukuza, lakini utakuwa unapishana na watu wote kinyume, na kina mama wazee watakuangalia. Kizingiti ni kirefu, karibu nusu ya goti. Kiruke. Usikikanyage, na usikifanye kiti, ingawa urefu wake unashawishi. Viatu havivuliwi ukumbini, tofauti na msikiti na hekalu la Kihindu ulilopita dakika tatu zilizopita, ndiyo maana ndara zinafaa siku hiyo kuliko viatu vya kamba. Kaptura fupi na mabega wazi havipendezi; kanga moja ndani ya begi hutatua shida hiyo kwa mwanamke na mwanamume.

Kuhusu udi, nieleze kwa utaratibu, kwa kuwa hapa ndipo watu huungua. Chetezo cha hekalu hili si kile cha nyumbani cha udongo. Ni chungu kikubwa cha shaba kilichojaa majivu, kimewekwa uani mbele ya ukumbi, na vijiti vya udi vimesimama humo kama miche ya mpunga. Anayesali huchukua vijiti 3 na kuweka sadaka kwenye sanduku. Huviwasha kwenye taa ya mafuta, vyote kwa pamoja, akiviinamisha mpaka vishike. Moto ukiwaka haupulizwi kwa mdomo, maana pumzi ya mtu ni uchafu mbele ya kilicho kitakatifu. Hutikiswa mkono taratibu hadi mwali ufe na kubaki kaa. Kisha vijiti hushikwa kwa mikono miwili mbele ya kifua au paji la uso, mtu huinama mara tatu, na kuvisimika kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, wima, vikiwa karibu karibu.

Makosa ni mawili. Anayesimika vyote vitatu kwa mkupuo huusukuma mkono wake katikati ya vijiti vya wenzake vinavyowaka, na majivu ya moto humdondokea juu ya kiganja. Anayerudi nyuma bila kutazama hukutana na mtu aliyeinua vijiti vyake usawa wa macho. Simama pembeni ya chetezo, si mbele, na uangalie upepo unakopeleka moshi kabla ya kuchagua upande. Mwislamu au Mkristo asiyetaka kushiriki hana haja ya kujieleza: hakuna anayekulazimisha kushika kijiti, na mtazamaji aliyetulia huheshimiwa. Kinachoudhi ni yule anayewasha udi ili apigwe picha akicheka.

Sauti kama ya kokoto zikitikiswa ndani ya kopo, ambayo utaisikia katika mahekalu ya aina hii, ni watu wanaouliza bahati. Kopo la mianzi lina vijiti vyenye namba. Mtu hupiga magoti, hutaja jina na swali lake moyoni, hutikisa mpaka kijiti kimoja kichomoze na kuanguka. Lakini namba hiyo haikubaliwi hivi hivi. Anachukua vipande viwili vya mbao vyenye umbo la korosho, bapa upande mmoja na vya mviringo upande wa pili, na kuvidondosha sakafuni. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, jibu ni ndiyo, namba ni yako. Vyote viwili vikionyesha bapa, mungu anacheka: swali halikuulizwa vizuri. Vyote vikionyesha mviringo, ni hapana, tikisa upya. Akipata ndiyo, huchukua karatasi yenye namba ile, ina shairi fupi la Kichina, na mara nyingi huhitaji mtu wa kumfasiria. Usimpige picha mtu akiwa katika hali hiyo. Ni sawa na kumpiga picha mtu akiwa kwa daktari.

Kwa picha kwa jumla, uani piga upendavyo, ukumbini uliza kwanza, mwanga wa kamera zima, na kwenye vyumba vya nyuma vyenye vibao vya majina ya marehemu usipige kabisa. Vibao hivyo ni vya jamaa za watu walio hai.

Sasa inua macho. Wageni tisa kati ya kumi hutazama dhahabu ya ndani na kusahau paa, na paa ndilo fahari ya jengo hili. Mgongoni na kwenye ncha zake zilizopinda kama pembe kumejaa majoka, ndege, maua na watu wadogo wa rangi, na kwa mbali unadhani vimechorwa. Sogea mpaka uani, chini ya ukingo wa paa, kabla jua halijafika huko. Kila gamba la joka ni kipande cha bakuli. Mafundi walichukua mabakuli ya kaure yaliyotiwa rangi, wakayakata kwa koleo vipande vidogo kwa kufuata mviringo wake, wakavibandika kimoja kimoja juu ya umbo la chokaa. Bakuli la kijani huwa majani, mdomo wa bakuli jeupe huwa petali, na kwa kuwa kaure haifi rangi kwa jua wala mvua, joka hubaki na ung'avu wake. Ukitulia utaona hata mpindo wa bakuli la asili kwenye kipande chenyewe.

Kwa mtu wa pwani yetu hapo pana jambo. Kaburi la nguzo la Mambrui na yale ya Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli na sahani za Kichina zilizopachikwa kwenye chokaa, nazo zilifika kwa bahari hiyo hiyo. Kwetu yalipachikwa mazima. Hapa yakakatwa. Ukarabati wa Cheng Hoon Teng ulifanywa na mafundi wa kazi hii, na mwaka 2002 UNESCO ikaupa tuzo yake ya urithi ya Asia na Pasifiki.

Saa moja na nusu inatosha kwa yote hayo. Saa tatu makundi ya kwanza yenye bendera na vipaza sauti huingia, nawe utoke kwa mlango wa kushoto.

Bandari isiyoona bahari

Neno bandari tulilitoa kwa Waajemi, na Wamalei pia. Kwao bandar ni mji, na mkuu wa forodha wa usultani wa Melaka aliitwa shahbandar. Walikuwa wanne kwa wakati mmoja, kila mmoja na wafanyabiashara wa upande wake, kwa mfano mmoja kwa Wagujarati peke yao na mwingine kwa Wachina na majirani zao. Sababu ya utaratibu huo ilikuwa upepo. Mji huu, ulioanzishwa karibu mwaka 1400 na Parameswara, mwana wa mfalme kutoka Sumatra, ulikaa mahali pepo za msimu zinapokutania: majahazi ya magharibi yalikuja na upepo mmoja, ya China na mwingine, na watu walilazimika kungojana miezi. Wanaojua kaskazi na kusi hawahitaji maelezo zaidi. Mreno Tomé Pires, aliyeishi hapa kuanzia mwaka 1512, aliwaorodhesha watu wa Kilwa na wa Malindi kati ya wafanyabiashara wa Melaka. Na karafuu za Maluku zilipita mlango huu karne nyingi kabla miche ya mkarafuu haijafika Unguja.

Lakini ukitafuta bandari hiyo leo utachoka. Mto umejaa matope, na pwani imefukiwa kwa miongo mingi hata bahari ikasogea. Lango la Porta de Santiago, kipande pekee kinachosimama cha ngome ya A Famosa iliyoanzwa na Wareno baada ya Afonso de Albuquerque kuuteka mji mwaka 1511, lilikuwa jirani na maji. Leo linatazama maduka makubwa. Sehemu nyingine za ngome zilibomolewa na Waingereza mwaka 1807. Waliozoea Ngome ya Yesu pale Mombasa watavunjika moyo wakiingoja ngome nzima, kwa hiyo wasiingoje: pitia langoni dakika kumi, soma mwaka 1670 uliochongwa juu yake na Waholanzi, kisha panda ngazi hadi magofu ya kanisa la Mtakatifu Paulo. Hapo Fransisko Ksaveri, aliyepitia Malindi mwaka 1542 akielekea India, alizikwa kwa miezi michache mwaka 1553 kabla mwili haujapelekwa Goa. Mlima ni mdogo, ngazi ni nyingi, kivuli hakuna. Panda kabla ya saa nne au baada ya saa kumi na moja, na ubebe maji.

Majengo mekundu ya Stadthuys, ofisi ya zamani ya utawala wa Waholanzi, na Kanisa la Kristo la mwaka 1753 yako chini ya mlima huo, na hapo ndipo makao ya beca, zile baiskeli za abiria zenye midoli na muziki wa kupasua masikio. Zinafurahisha kwa dakika kumi. Patana bei, muda na njia kabla ya kupanda, na uulize kama bei ni ya beca nzima au ya kila kichwa, maana ugomvi wote hutoka hapo.

Wareno waliacha maneno kwa Wamalei kama walivyotuachia sisi. Meja ni meza, bendera ni bendera. Ila gereja usiikimbie: kwa Kimalei ni kanisa, na neno letu gereza linasemekana kutoka shina hilo hilo. Apa khabar utaijibu bila kufundishwa. Mahal kwao ni ghali, si mahali, na utalihitaji sokoni.

Kula

Wali wa kuku wa Melaka hufinyangwa viduara vya ukubwa wa mpira wa mezani, na foleni yake huanza kabla ya saa sita. Wauzaji wengi ni Wachina na si halali. Anayejali atafute ukutani nembo ya halali ya JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu. Kibao cha kusema hakuna nguruwe si sawa na halali, kwa sababu hakisemi kuku alichinjwaje. Kwenye vibao vya Kimalei, babi ni nguruwe. Asam pedas, samaki wa mchuzi wa ukwaju na pilipili, ndicho chakula cha Wamalei wenyewe, na mtu wa pwani atakila kama kwao.

Cendol ndiyo ya kuikalia chini. Ni barafu iliyoparuzwa, tambi fupi za kijani za unga wa mchele, tui la nazi, na juu yake gula Melaka. Hii gula ndiyo kipimo. Mgema hupanda mnazi, hukinga utomvu wa kole kama anavyofanya mgema wa Mrima, lakini haungoji uchachuke. Huchemshwa siku hiyo hiyo mpaka uwe mzito, kisha humiminwa kwenye vipande vya mianzi, na ndiyo sababu huuzwa kama vijiti vinene vya mviringo. Nzuri ni ya hudhurungi iliyoiva, hukatika kwa kisu bila kupigana, na ina harufu ya moshi na kachumvi kwa mbali. Iliyojazwa sukari ya miwa ni ngumu kama jiwe na huwa tamu tu, basi. Ukiibeba nyumbani ifunge mifuko miwili, kwa kuwa hutoa maji kwenye joto na kuharibu nguo zote.

Soko la Jonker huwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili kuanzia jioni. La Ijumaa ndilo lenye nafasi. Vitu vingi vinavyouzwa humo utavikuta Kariakoo kwa bei nafuu, hivyo nenda kwa ajili ya chakula na barabara za pembeni.

Anayetaka kuiona bahari, Mlango-Bahari wa Malaka wenyewe pamoja na meli zake, aende Masjid Selat, msikiti uliojengwa juu ya nguzo ukingoni mwa Pulau Melaka, kisiwa cha kifusi, na kukamilika mwaka 2006. Maji yakijaa huonekana unaelea. Yakitoka ni matope na nguzo. Siku za bamvua maji hupanda vizuri zaidi, na bamvua, kama mvuvi yeyote atakavyokuambia, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, zile zile siku hekalu linapojaa watu. Chagua kimojawapo. Mavazi ya kusitiri huazimwa mlangoni. Jua huzama upande wa bahari, mbele yako, kwa hiyo uwe pale saa moja kasoro robo. Mabasi ni ya shida huko, basi gari la kurudi liagize dakika kumi kabla ya adhana ya magharibi, maana ikishaadhiniwa madereva wengi wa karibu wamo ndani wanaswali.